Njia Hudumu, Kebo Hupita

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo walivyotuusia wahenga. Hata hivyo, hawakutuachia neno la kutuongoza pale ufa wenyewe unapopasuliwa kwa mikono yetu, kwa nyundo na tindo, ili kebo ya televisheni ya setilaiti ipate pa kupita. Nyumba iliyokwisha kupigwa lipu na kupakwa rangi huchimbwa ikaachwa na makovu, na mwenyewe akalipa mara mbili: kwanza kwa kuharibiwa, kisha kwa kutengenezewa. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo haina ulazima wowote. Inatokana na ufundi usiotanguliwa na fikira.

Huenda msomaji akauliza kama kebo, kitu chembamba kuliko kidole, inastahili kuandikiwa makala nzima. Jibu langu ni kwamba inastahili, kwa maana nyuma ya kebo hiyo kuna usalama wa watu, mali ya mwenye nyumba, na jambo ambalo walimu na wanafunzi hawawezi kulipuuza: kama elimu tunayoitoa darasani inafika hadi kwenye kuta tunazoishi ndani yake.

Televisheni ilianza kuonekana nchini Kenya mwaka 1962. Kwa miaka mingi chombo chake kilikuwa antena iliyosimama juu ya paa, na waya wake uliingia sebuleni kupitia dirishani bila mtu kujali sana. Televisheni ya setilaiti ya kulipia ilienea barani katika miaka ya 1990, na mwaka 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa humu nchini, king'amuzi kikawa kifaa cha lazima kwa kila aliyetaka kutazama matangazo kwenye televisheni yake ya zamani. Wengi, hasa waliokuwa mbali na minara ya matangazo, waliliona dishi kuwa ndiyo njia ya pekee. Basi nyumba zilizojengwa kabla ya hapo, bila yeyote kuwazia kebo, zikadaiwa ghafla kuipisha. Zilikuwa zimekamilika, na aliyezikamilisha hakuwa ameacha mlango wa mgeni huyu.

Kabla ya kuzungumzia ukuta, ni vyema tuielewe kebo yenyewe. Setilaiti za matangazo huzunguka juu ya ikweta, yapata kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, kwa kasi inayolingana na mzunguko wa dunia, hivi kwamba kwetu sisi huonekana zimesimama tuli. Mawimbi yakifika duniani huwa yamefifia mno. Dishi huyakusanya na kuyaelekeza kwenye kile kichwa kidogo kilicho mbele yake. Kichwa hicho huyakuza, na pia huyashusha kutoka masafa ya gigahezi 10 na zaidi hadi kati ya megahezi 950 na 2150, kwa kuwa mawimbi ya masafa ya juu mno hayawezi kusafiri ndani ya kebo bila kuangamia. Nacho king'amuzi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kupitia kebo ile ile ili kukiendesha kichwa na kukiamuru ni mawimbi gani kiyachague. Kwa hiyo kebo hii inabeba mzigo kwa pande zote mbili, na msumari mmoja uliopigiliwa katikati yake hukata mazungumzo yote.

Isitoshe, kebo ina mipaka yake. Katika ile ya kawaida ya majumbani, mawimbi ya megahezi 1000 hupoteza takriban desibeli 20 kwa kila mita 100, maana yake kinachofika mwisho ni asilimia moja tu ya kilichoanza safari. Kwa mita 15 hupotea desibeli 3, yaani nusu. Kichwa cha dishi hukuza mawimbi vya kutosha kustahimili upotevu wa safari fupi, lakini kila mzunguko usio na maana ni hasara. Tena kebo haipendi kukunjwa kama kamba. Ile yenye unene wa milimita 7 haifai kupindwa kwa nusukipenyo kilicho chini ya sentimita 7 hivi, kwa sababu ikivunjika umbo ndani, mawimbi hurudi yalikotoka. Mwalimu wa Hisabati anayetafuta mfano wa logi au wa duara hana haja ya kwenda mbali.

Sasa tuugeukie ukuta. Maelekezo mengi ya kazi za nyumbani tunayoyasoma yameandikwa Marekani, ambako nyumba nyingi za familia hujengwa kwa viunzi vya mbao vilivyofunikwa pande zote mbili kwa mbao za jasi. Ukuta wa namna hiyo una uwazi katikati. Fundi wa huko hukata tundu dogo, akateremsha kebo kutoka darini na kuivutia chini, na ukuta ukabaki kama haujaguswa. Ukuta wa Nairobi, Nakuru au Eldoret si wa namna hiyo. Aghalabu ni mawe ya kuchonga au matofali ya saruji yaliyoshikanishwa kwa mchanga na simiti, kisha yakapigwa lipu. Hauna tumbo, ni jiwe tangu upande huu hadi upande wa pili. Anayeingia nyumba ya mawe na maarifa ya nyumba ya mbao humalizia kwa tindo, na hapo ndipo maafa yanapoanza.

Mimi ninashikilia kwamba nyumba yoyote, hata iliyokamilika, ina njia zake, na kazi ya kwanza ya fundi ni kuzitafuta kabla ya kufungua mkoba wa vyombo. Njia ya kwanza ni ile iliyokwisha kuwapo. Nyumba nyingi zilizojengwa wakati wa simu za mezani zina paipu nyembamba za plastiki zilizofukiwa ukutani, na ndani yake mmelala waya wa simu usiotumika tena. Waya huo mfu ni hazina: kebo mpya ikifungwa barabara kwenye ncha yake, na paipu ikiwa na upana wa kutosha bila kona kali, mtu mmoja huvuta huku mwenziwe akisukuma, na kebo ikapita bila tone la lipu kudondoka. Sharti ni moja tu: paipu hiyo isiwe ya umeme. Kebo ya televisheni na nyaya za umeme wa nyumbani hazifai kulala kitanda kimoja, kwa maana ngozi ya mojawapo ikichubuka, umeme wa volti 240 unaweza kufika kwenye mikono ya mtoto anayechezea king'amuzi.

Njia ya pili ni darini. Nyumba ya paa la mabati au vigae yenye dari ya mbao au jasi ina uwanja mpana juu ya vichwa vya watu, na kebo inaweza kutoka pembe moja hadi nyingine bila kuonekana. Njia ya tatu ni nje ya nyumba: kebo hufuata ukingo wa paa au pembe ya ukuta, ikishikwa kwa vibanio kila baada ya hatua fupi, kisha ikaingia ndani kwa tundu moja tu, nyuma ya mahali televisheni ilipo. Njia ya nne ni kuifunika ndani ya mifereji myembamba ya plastiki inayobandikwa ukutani kwa kufuata ubao wa chini ya ukuta na miimo ya milango. Mifereji hiyo si mapambo ya kujivunia, lakini ikipakwa rangi ya ukuta macho huizoea upesi, na siku ya kuiondoa haiachi kaburi.

Kuchimba mfuo kwenye lipu kuwe ni shauri la mwisho. Hata hapo kuna kanuni. Mfuo ushuke wima, wala usikate ukuta kwa mlalo, kwa sababu ukuta unaobeba paa hudhoofika zaidi ukikatwa ubavuni. Waingereza, ambao kanuni zao zimeathiri ujenzi wetu kwa miaka mingi, huweka kikomo cha theluthi moja ya unene wa ukuta kwa mfuo wa wima na sudusi moja kwa mfuo wa mlalo. Tena kisichofaa ni kuizika kebo yenyewe tupu ndani ya simiti. Mfuo ukishachimbwa, itiwe paipu, na kebo ipite ndani ya paipu, ili siku itakapoharibika ivutwe itoke bila kubomoa tena.

Lililo zito kuliko yote ni hatari ya umeme. Nimewahi kumwona kijana akiinua keekee ya umeme juu tu ya swichi ya taa, kwa kuwa hapo ndipo palipomwonekea pazuri kwa macho. Mzee mmoja fundi aliyekuwa karibu alimshika mkono kabla hajabonyeza. Hakumkemea. Alimwuliza tu: "Mwanangu, unadhani umeme wa swichi hiyo umefika hapo kwa kuruka?" Swali hilo lingefaa kuandikwa katika kila karakana. Kwa desturi nyaya za umeme hushuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi na soketi, na mara nyingine hukimbia kwa mlalo kutoka soketi hadi soketi. Basi mstari ulionyooka juu, chini na kando ya kila swichi na soketi ni mpaka usiovukwa. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya kugusa ukuta, keekee itumie betri, na pakihitajika kugusa nyaya za umeme zenyewe, aitwe fundi mwenye leseni kama Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inavyotaka.

Adui wa pili ni maji. Tundu lililotobolewa sawasawa kama mshale ni mfereji wa mvua. Tundu la hekima huteremka kidogo kuelekea nje. Kebo nayo, kabla ya kuingia, hushushwa chini ya usawa wa tundu kisha ikapanda, ili matone yanayoifuata yadondoke kwenye kile kitanzi badala ya kuandamana nayo hadi sebuleni. Mwishowe tundu huzibwa kwa silikoni. Kazi yote hii haichukui nusu saa, lakini asiyeifanya atauona ukuta wake ukitoa madoa, rangi ikivimba na lipu ikibanduka msimu baada ya msimu, na atalaumu mvua ambayo haina kosa.

Adui wa tatu ni radi. Wakazi wa Kisii na Kakamega hawahitaji kufunzwa na mtu kuhusu radi, wanaishi nayo. Dishi la chuma lililoinuliwa juu ya paa, likaunganishwa na kebo ya shaba inayoingia moja kwa moja sebuleni, ni mwaliko usiofaa kama hakuna waya mnene wa kuupeleka umeme huo ardhini kabla haujaingia ndani. Hata waya huo hauzuii radi inayopiga dishi moja kwa moja, na ndiyo maana busara ni kuchomoa kebo na plagi ya umeme mawingu yanapokusanyika, kabla ngurumo hazijaanza.

Hapa Jiografia inatupa msaada ambao wengi hawaujui. Mojawapo ya setilaiti zinazotumiwa sana kwa televisheni ya kulipia katika eneo letu iko karibu na longitudo ya digrii 36 mashariki. Nairobi yenyewe iko karibu na digrii 37, na si mbali na ikweta. Maana yake ni kwamba setilaiti hiyo imekaa karibu juu ya utosi wetu. Dishi linaloifuata halihitaji kupanda paani kutafuta upeo wa macho. Linahitaji tu uwazi wa anga juu yake. Linaweza kusimama kwenye nguzo fupi uani, mbali kidogo na ukingo wa paa na matawi ya miti, jirani na ukuta wa chumba chenye televisheni. Kebo inakuwa fupi, mabati hayatobolewi, na fundi hahatarishi shingo yake. Setilaiti iliyo karibu na digrii 7 mashariki ni shauri jingine: dishi lake huinamia magharibi, na jengo au mti wa upande huo unaweza kulizuia. Mwanafunzi aliyeelewa longitudo anaweza kumwokolea mzazi wake gharama.

Nikiacha bara na kuelekea pwani, ninakutana na kuta zinazodai adabu zaidi. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndani ya nyumba kuu za kale mna zidaka zilizochongwa kwa ustadi usioweza kununuliwa tena kwa bei ya leo. Chokaa ni ngozi inayopumua: huvuta unyevu na kuutoa. Anayetoboa ukuta wa namna hiyo kisha akauziba kwa simiti hufungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya muda chokaa inayozunguka kiraka hicho huanza kumomonyoka. Tundu la ukuta wa chokaa huzibwa kwa chokaa. Afadhali zaidi ni kutotoboa kabisa, kwa kuwa nyumba hizo zina kiwanda kilicho wazi katikati, na kebo inayoshuka kiwandani na kupita kwenye pembe ya mlango au kando ya boriti haimwudhi mtu. Kupitisha kebo katikati ya zidaka za mababu ili kutazama mpira ni kuuza shamba kwa bei ya muwa mmoja.

Katika majumba ya ghorofa ya kupangisha kuna kasoro ya aina nyingine. Mpangaji haruhusiwi kutoboa, lakini hakuandaliwa njia. Akitoboa, amana yake huliwa. Asipotoboa, kebo hupita dirishani na dirisha halifungi. Matokeo yake ni roshani zilizojaa madishi kama uyoga baada ya mvua, na kebo zinazoning'inia kutoka ghorofa ya sita. Ilhali dishi moja kubwa, pamoja na kifaa cha kugawa mawimbi, linaweza kuhudumia wapangaji wote wa jengo. Simlaumu mpangaji. Lawama ninaiweka kwa mwenye jengo aliyetumia mamilioni ya shilingi kwa vigae vinavyong'aa, akashindwa kutumia visenti kwa paipu tupu kabla ya kupiga lipu.

Paipu tupu, ndiyo kiini cha hoja yangu. Kebo hubadilika. Jana ulikuwa waya wa antena, leo ni kebo ya dishi, na tayari nyuzi za kioo zinazoleta intaneti zinabisha hodi kwenye kuta zile zile, huku baadhi ya watu wakitazama filamu bila dishi lolote. Hakuna ajuaye vizuri kitakachofuata. Anayejenga kwa ajili ya kebo ya leo atabomoa kesho. Anayejenga njia ameijengea kila kebo itakayokuja. Paipu ya plastiki kutoka darini hadi kila chumba, uzi ukiachwa ndani yake wa kuvutia kebo, pamoja na mchoro mmoja unaoonyesha kila kilichofichwa ukutani, ni urithi mkubwa kwa atakayekuja baadaye. Ukuta usio na mchoro ni siri, na siri ya umeme huua.

Ninawageukia sasa walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulitilia mkazo masomo ya ufundi, lakini mengi yake yalipunguzwa baadaye kwa kulemewa na mzigo na ukosefu wa vifaa. Mtaala wa umilisi umeyarudisha kwa sura nyingine, na wanafunzi wa Sekondari Msingi sasa wanasoma maarifa ya utangulizi wa ufundi. Ninachohofia ni kuyafanya kuwa somo jingine la kukariri. Tumekuwa na vijana wanaoweza kutaja msamiati wote wa karakana, keekee, tindo, timazi na pimamaji, na kupata alama zote, bila kuwahi kuishika timazi na kuona jinsi uzi wake unavyotulia. Neno lisiloguswa na mkono ni kama mbegu iliyowekwa kabatini.

Somo ninalopendekeza halihitaji maabara. Wanafunzi na wachore ramani ya darasa lao: swichi ziko wapi, soketi ziko wapi, nyaya zinapita wapi kwa kukisia, dari inafunguka wapi, mvua hupiga ukuta upi. Kisha waulizwe wangepitisha wapi kebo kutoka uani hadi televisheni ya shule, kwa urefu gani, kwa kona ngapi, na kwa matundu mangapi. Asiyetoboa zaidi ya tundu moja apewe alama za juu. Hakuna atakayegusa umeme wala kupanda ngazi, ila watakuwa wametumia Fizikia, Hisabati, Jiografia na Kiswahili kwa saa moja, na watarudi nyumbani wakiutazama ukuta kwa macho mengine.

Shime basi, wenye majumba wafukie paipu kabla ya lipu, mafundi watafute njia kabla ya nyundo, na walimu wawafunze vijana kuusoma ukuta kama wanavyowafunza kuusoma ukurasa. Nyumba nyingi zinaendelea kujengwa nchini, na lipu yake bado mbichi. Zile zilizokwisha kukauka zitahitaji subira na maarifa. Hizi mpya zinahitaji paipu tu, na wakati wa kuiweka ni kabla mwashi hajarudi na mwiko wake.